Muulize Anti Shamba: Mlonge unageuka kahawia

SWALI: Shikamoo anti, nina nusu eka huku Muheza nimepanda mlonge na mchaichai, shida nikianika mlonge majani yanageuka kahawia wateja wanayakataa, halafu nataka niandike kwenye paketi inatibu sukari na presha, sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nahisi unaanika juani au unarundika majani mengi yanachemka yenyewe. Mlonge ni kivulini bwana, osha, kung'uta maji, tandaza kidogo kidogo juu ya wavu ulioinuliwa upepo upite chini na juu (sio chandarua chenye dawa ya mbu jamani, nimeshawaona wanaofanya hivyo!), unageuza geuza mpaka ukiliminya jani linasagika vidoleni, likijikunja tu bado lina maji, ukifunga litaota ukungu. Na miti ikate vichwa mapema ichipue matawi, la sivyo utavuna kwa ngazi. Mchaichai hauna makuu.

Kuhusu paketi, hapo nakataa. Ukiandika inatibu ushakuwa muuza dawa, na dawa asili zinasajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002. Ukiuza kama majani ya chai au unga wa lishe, basi waone TBS, wale wa Shirika la Viwango. Halafu mteja anayemeza vidonge vya sukari mwambie amuulize daktari kwanza, maana mlonge nao unaweza kushusha sukari, vikikutana viwili anaweza akaanguka, na vidonge asiache hata kama jirani kamwambia kapona.