Ramani ya nyumba ya Tabora, naweza kujengea Makete?

Swali: Shikamoo injinia. Mimi mwalimu, naishi hapa Tabora, Ipuli, nimehamishiwa Makete na nataka kujenga huko. Ramani ya nyumba yangu ya huku ninayo, je nikiongeza madirisha yawe makubwa si jua litapasha ndani? Nasikia mwezi wa saba kule baridi ni kali ila jua linawaka.

Jibu: Marahaba mwalimu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujachimba msingi. Nyumba ya Tabora tunaichora ilikimbie jua, baraza pana, paa limetokeza sana, sasa Makete uko zaidi ya mita 2,000 juu, hapo jua unalitafuta. Na dirisha kubwa likikaa upande mbaya ndo linapoteza joto usiku kucha, kwahiyo angalia kwanza linatazama wapi. Mwezi wa sita simama nje saa saba kasoro mchana uone kivuli chako, kimeenda kusini, maana yake jua liko kaskazini. Basi nyumba iwe ndefu mashariki-magharibi, sebule na vyumba vya kulala vitazame kaskazini, store na choo vikae kusini. Disemba jua linahamia kusini kwahiyo hayo madirisha hayatakuchoma.

Paa sasa, hapa ndo wengi wanakosea. Kule mwezi wa sita jua la mchana linapanda kama digrii 57 tu, paa likitokeza sentimita 60 kivuli kinashuka ukutani karibu sentimita 90, dirisha lako limekwisha. Upande wa kaskazini weka 30 hivi, mvua itazuiwa na plasta nzuri na msingi ulionyanyuka.

Tofali za kuchoma zilaze, usisimamishe, ukuta mnene unashika joto la mchana na kulitoa usiku. Sakafu ya saruji pale jua linapoangukia usiifunike kapeti.

Na dari usiache hata kama hela imeisha, bora chumba kimoja kingoje. Nimeshalala nyumba ya huko isiyo na dari, saa kumi alfajiri bati linatoa jasho, matone yanadondoka kwenye blanketi, joto lote limeshapaa.

Halafu naomba sana mwalimu, jiko la mkaa usilale nalo ndani, hewa yake inaua na huisikii harufu. Matundu ya hewa juu ya madirisha yaache wazi hata kukiwa na baridi.