Maana za "run" ni nyingi, usizikariri

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kukariri maana zote za "run" ulizozikuta kwenye kamusi. Hapana, hutazimaliza. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, bingwa alikuwa "set" mwenye maana zaidi ya 430. Walipoihariri upya, "run" akampita: akiwa kitenzi tu ana maana 645!

Anza na wazo moja, la kitu kinachokwenda bila kusimama. Mtu anakimbia, maji yanatiririka, kamasi zinachuruzika, injini inanguruma, programu inafanya kazi, rangi ya nguo inachuja, mkataba unaendelea hadi muda wake uishe. Kote humo ni "run". Mashine zimechangia sana. Zilipokuja, Waingereza hawakuhangaika kutunga kitenzi kipya, wakambebesha huyu wa zamani. Na sisi tusiwacheke, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayepigwa.

Kwenye siasa angalia: Mmarekani anayegombea urais huwa "runs", ila Mwingereza anayegombea ubunge kwa kawaida "stands".

Kinachosumbua kweli ni vijineno vinavyofuata nyuma. "Run out" ni kuishiwa, "run over" ni kumkanyaga mtu kwa gari, "run into" ni kugonga kitu au kukutana na mtu bila kutarajia. Hapo wazo la kukimbia halikufikishi mbali. Jifunze kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya sentensi nzima.