Bunduki ya zamani ya kaliba kubwa: nini ubadilishe, nini usiguse

Kijana anayeingia kwenye kazi ya uwindaji bingwa, yaani kuwaongoza na kuwalinda wageni wanaokuja kuwinda, mara nyingi haanzi na bunduki mpya. Huanza na ya kurithi, au anayouziwa na mzee anayestaafu: Mauser ya kaliba (kipimo cha upana wa mtutu) .404 Jeffery yenye kitako kilichopauka, .375 H&H (Holland & Holland) ya kabla ya vita, au BRNO ZKK 602 ya Kicheki iliyozunguka vitalu vya uwindaji mpaka weusi wa chuma umekwisha. Akishaipata tu anaulizia fundi, maana ameona za wenzake zina darubini, vitako vya plastiki na mitutu mifupi.

Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni huu. Chochote kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa, badilisheni bila wasiwasi kama kinawasaidia kupiga vizuri. Lakini fundi akianza kuzungumzia kukata, kutoboa au kuchonga chuma, mwambieni asubiri, nanyi mwende mkafikiri.

Nasema hivyo kwa sababu tumeshaona yaliyotokea. Kuelekea 1970 Kynoch ya Uingereza iliacha kutengeneza risasi za kaliba kubwa. Wenye .404, wenye .416 Rigby na wenye .470 za mitutu miwili wakabaki na bunduki nzuri zisizo na risasi. Wakati huo .458 Winchester Magnum ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1956, risasi zake zilipatikana. Basi wengi waling'oa mitutu ya asili wakafunga ya .458. Kwa siku zile hesabu yao ilieleweka, mtu hawezi kumfuata nyati majeruhi kichakani na bunduki tupu. Ila leo Norma, Hornady na wengine wanatengeneza tena risasi za .404, .416 Rigby na .470. Risasi zimerudi, mitutu iliyong'olewa haijarudi. Na .458 yenyewe haikuwa nafuu kubwa kama walivyodhani. Ganda lake ni fupi, baruti ilishindiliwa mno ndani, na kwenye baadhi ya risasi za miaka ile baruti hiyo iligandamana, zikapoteza kasi. Wakati huohuo .404 ilikuwa ikirusha kichwa cha risasi cha greni 400, karibu gramu 26, kwa futi 2,125 kwa sekunde, kasi ya kawaida tu iliyowatosha askari wa idara za wanyamapori Tanganyika na Kenya kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukiambiwa ubadilishe kaliba kwa sababu risasi ni adimu mwaka huu, uliza kwanza kama zitaendelea kuwa adimu mwaka kesho.

Ukipata ya mitutu miwili, usiiguse kabisa. Wengi wanaiona kama mitutu miwili iliyolazwa sambamba. Kumbe haiko sambamba. Fundi aliyeiunda aliifunga, akapiga risasi, akaipasha moto sehemu iliyounganishwa, akasogeza kabari ndogo kati ya midomo ya mitutu, akapiga tena, hivyo hivyo mpaka ya kulia na ya kushoto zikatua karibu mahali pamoja kwa umbali aliokusudia. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa uzito mmoja wa kichwa na kipimo kimoja cha baruti, na mara nyingi vimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ukikata inchi mbili mdomoni ili iwe nyepesi kuingia nayo vichakani, umeondoa kabari na umeondoa kazi yote ile. Mtutu mmoja utapiga huku, wa pili kule. Hata kubadilisha aina ya risasi tu kunatosha kuivuruga, kwa hiyo soma kilichoandikwa kabla hujanunua boksi.

Kwa bunduki za bolti, yaani za mtutu mmoja unaojaza kwa kuvuta na kusukuma komeo la chuma kwa mkono, anza na mbao. Kitoe kitako, futa mafuta ya zamani, kisha utazame kwa tochi nyuma ya ulimi wa chuma unaoingia shingoni mwa kitako, na pale ambapo chuma kinasukuma mbao bunduki inapopiga teke, yaani inaporudi nyuma kwa nguvu baada ya kufyatuliwa. Ukiona mstari mwembamba mweusi unaofuata uzi wa mbao, huo ni ufa, na unene wake hauna maana sana. Teke la .416 litaupanua mpaka siku kitako kitapasuka mkononi. Hapa navunja kanuni yangu mwenyewe kwa makusudi: mwache fundi achimbe kidogo ndani na ajaze gundi ya epoksi ili chuma kikae imara, na kama lazima apitishe skrubu ya kukaza mbao kwa upande. Kwa nje haionekani sana, na bila hiyo hutakuwa na kitako cha asili cha kuhifadhi.

Teke lenyewe lisikufanye ukate mbao ili ubandike raba nene. Nunua raba au ngozi ya kuvalisha nyuma ya kitako. Inavuliwa, na inakurefushia kitako kidogo kama mikono yako ni mirefu.

Sasa sefti ya ZKK 602, yaani kifungio cha usalama kinachozuia isifyatuke, ambayo nataka kila anayeanza aielewe kabla hajaibeba. Kwenye bunduki nyingi unasukuma sefti mbele ili upige. Kwenye ZKK ni kinyume, ukiisukuma mbele umeifunga. Mtu aliyezoea nyingine, mbogo akimjia, kidole chake kitasukuma mbele chenyewe kwa mazoea, avute, na isipige kitu. Kubadilisha sefti hiyo na mfumo unaofunguka kwa mbele naiunga mkono kwa moyo wote. Hifadhi ya zamani kwenye mfuko, uuandike namba ya bunduki.

Darubini je? ZKK ina reli yake juu ya chuma, vishikio vinabana bila kutoboa, kwa hiyo hakuna mjadala. Mauser ya zamani iliyoundwa na Rigby au Westley Richards wa Uingereza ni jambo jingine. Lazima itobolewe, mara nyingi mkono wa bolti ukunjwe upya na sefti ibadilishwe, kwa sababu vyote viwili hugonga darubini. Nawaomba msifanye hivyo. Kazi ya mwindaji bingwa ni kumlinda mgeni anayemwindisha kwa umbali mfupi, na kilengeo cha nyuma chenye bati la yadi 50 kilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Kama macho yamechoka, badilisha shanga ya kilengeo cha mbele kwa kubwa zaidi nyeupe.

Harry Selby, aliyewindisha Kenya na baadaye Botswana, bunduki yake ya .470 ilikanyagwa na gari mwaka 1949. Nairobi akapata .416 Rigby, akaichukua ya kushikilia kazi tu. Akabaki nayo miongo mingi. Kilichomfaa ni kuizoea.

Yote haya yanahusu bunduki ambayo bado ni nzima. Ikiwa imeshatobolewa, imepigwa weusi upya na mtutu si wake, thamani ya asili ilishaondoka mikononi mwa mwingine. Ifanye chombo cha kazi unavyohitaji, hakuna dhambi.

Mwisho ni leseni. Karatasi yako imeandikwa kaliba na namba. Ukifunga mtutu mwingine, bunduki uliyonayo si ile iliyosajiliwa, na kwenye kizuizi cha barabarani hakuna atakayesikiliza habari za fundi. Nenda kwa mamlaka ya silaha kabla ya kazi kuanza, upate kibali kwa maandishi, na hakikisha fundi mwenyewe ana leseni ya kugusa silaha.