Maswali yenu: Nyumba imejaa, pa kupita hakuna

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: vitu vimezidi nafasi. Tumechagua tano, na ndefu kuliko zote ndiyo tumeipa nafasi kubwa, kwa sababu wenye shida hiyo ni wengi.

*Shikamooni. Tunaishi watu wanne kwenye chumba na sebule. Juu ya kabati mabegi yamefika dari, uvunguni kuna magunia ya nguo. Mwezi uliopita nilinunua mabeseni matatu makubwa ya mifuniko ili nipange. Yamejaa yote, na nguo bado ziko kwenye kochi. Nakosea wapi?*
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba. Umekosea kwenye mabeseni. Beseni halipunguzi nguo, linazificha, na lenyewe linakula sakafu. Usinunue chombo kingine cha kuhifadhia mpaka kazi iishe.

Kazi ianze na kipimo, kabla hujaanza kuulizana na kila gauni kama bado mnapendana. Chukua futi ya fundi cherehani, pima bomba la kabati. Shati au blauzi kwenye henga inataka kama sentimita 2.5; koti au gauni la sherehe linataka 5. Bomba la sentimita 90 basi linabeba nguo nyepesi 36, au nyepesi 24 na nzito 6. Hapo ndipo kabati lako linapoishia. Nguo ya 37 ndiyo inayolala kwenye kochi.

Siku ya kazi, anza asubuhi na utandike shuka kuukuu kitandani. Usipange kwa pahali, yaani leo uvunguni, kesho juu ya kabati. Panga kwa aina: sketi zote za nyumba nzima zije kitandani kwa pamoja. Ukienda kwa pahali hutagundua kwamba una sketi nyeusi sita, mbili kwenye kila begi. Ukishaziona pamoja, chagua zile unazovaa, zitundike, ukifika idadi ya bomba simama. Zilizobaki zigawe kwenye viroba viwili, kimoja cha matambara na taka, kingine cha kutoka. Kiroba cha tatu, kile cha "nitaamua baadaye", ndicho kinachoharibu kazi. Kama huwezi kuishi bila hicho, kiwe ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko, na tarehe uiandike juu kwa kalamu ya wino mzito. Miezi mitatu ikipita hujafuata kitu ndani, yote yaliyomo yatoke.

Mashuka: kila kitanda jozi mbili. Ya tatu ni ya mtoto anayekojoa au ya masika, shuka linapokaa kambani siku mbili bila kukauka.

Yanayokwamisha ni mawili. La kwanza, viroba kulala ndani. Kiroba kilichofungwa Jumamosi, Jumapili mtu ameshakifungua kutafuta fulana. Kabla hujaanza, ujue kila kimoja kinakwenda wapi (kwa fundi, kwa muuza mitumba, kwa kituo cha watoto) na kitoke siku hiyohiyo. Kupeleka kijijini si kosa, lakini piga simu kwanza uulize wanahitaji nini. La sivyo unalipia mzigo wa basi ili kujaza stoo ya mama mkwe. La pili, kugusa vya mwenzako. Anza na vyako na vya watoto. Suruali za baba mtu aamue mwenyewe, hata kama zimembana tangu mlipooana.

Sasa sare za harusi, kwani tunajua magunia ya uvunguni yamebeba nini. Gauni la sare lililovaliwa mara moja litazame mgongoni na kwenye sketi. Foronya moja ya mto wa sentimita 50 kwa 70 inataka kitambaa kisichokatwa cha sentimita 54 kwa 165, ukihesabu pindo na ule mfuko wa kufichia mto. Gauni lenye marinda ya pande nyingi halitoi kipande hicho. Msimwagie fundi pesa kulifumua, mpeni mtoto anayeweza kulivaa likishapunguzwa. Gauni la moja kwa moja linaweza kutoa. Kitenge ambacho hakijashonwa ni hadithi nyingine: kama una pisi nne za yadi sita na fundi wako anakushonea nguo mbili kwa mwaka, una akiba ya miaka miwili. Ya tano usipokee ila kwa mchango usioepukika, na hao wa michango mnawajua.

Doti mpya za khanga mnazozitunza sandukuni zifueni kwanza. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, na wanga huo ndio wanaoufuata wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotoboa nguo kwenye mikunjo. Na tafadhali, msitupie naftalini, vile vidonge vyeupe vya harufu kali, kwenye nguo za mtoto mchanga. Katika maeneo yetu ya malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinachozikinga chembe nyekundu za damu, na kwa mtoto wa namna hiyo naftalini huzivunja chembe hizo: macho na ngozi vinakuwa vya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Nguo iliyokwisha kukaa na vidonge hivyo ifuliwe na kuanikwa juani hadi harufu iishe ndipo avikwe.

*Salaam aleikum. Kabati langu la vyombo halifungiki. Nina glasi dazeni nne, chupa za chai saba, hotpoti za arusi ya kwangu na za binti yangu aliyeolewa akaziacha. Mume asema ni za wageni. Nifanyeje bila kuonekana mchoyo?*
Bibi wa Kibokoni, Mombasa

Waaleikum salaam. Mwambie mume mhesabu pamoja wageni wa mwaka jana, siku ya Idi mosi ikiwamo. Sahani zinazohitajika ni za watu wa nyumbani, ukizidisha kwa mbili. Wakizidi hapo, pilau inaliwa kwenye sinia, na ikiwa ni shughuli yenyewe vyombo vinakodiwa pamoja na turubai na viti. Hapana mgeni aliyewahi kuhesabu glasi zilizobaki kabatini.

Chupa za chai zipime, usizitazame rangi. Zijaze maji yanayochemka, zifunge, ziache dakika chache. Ile ambayo ubavu wake ni wa moto kwa nje imepoteza ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake mbili. Hakuna fundi wa kulirudisha. Ikiwa ni ya kioo ndani, kioo hubadilishwa ukipata cha kipimo chake. Ikiwa ni ya chuma, basi tena. Hotpoti itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza kati ya kuta mbili, yamepenya kwenye ufa, na ndiyo ile harufu ya uvundo inayobaki hata ukiosha kwa ndimu. Itoke. Sahani za melamini zenye nyufa na sufuria zisizoshika zinazobanduka nazo zitoke, maana hakuna namna ya kuzisafisha vizuri.

Vikopo vya plastiki vivishe mifuniko yake yote mezani siku moja. Kisicho na mfuniko na mfuniko usio na kikopo havina siku watakayokutana.

Za binti ni zake. Mpe tarehe.

*Mama yetu amefariki miezi miwili iliyopita. Sisi ni Waislamu, tumezaliwa watano, nyumba imejaa vitu vyake na mimi ndiye ninayeishi humo. Majirani wanaomba khanga zake kwa ukumbusho. Naweza kuanza kugawa na kusafisha?*
Mwana wa kwanza, Tanga

Pole sana, Mungu amrehemu. Hapana, bado. Kwa kuwa barua yako imesema nyinyi ni Waislamu: alivyoacha mama havijawa vyako peke yako hata kijiko. Kinachotangulia ni gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi moja, kinachobaki ndicho cha warithi. Ukimpa jirani khanga leo umetoa fungu la ndugu zako wanne, na kama kati ya warithi yupo mtoto mdogo, hata mkikubaliana wakubwa wote hamwezi kulitoa lake.

Unachoweza kufanya sasa ni kupekua na kuorodhesha, na usifanye peke yako. Awepo ndugu mmoja au mzee wa familia. Msitupe karatasi wala nguo ambayo haijashikwa pindo kwa pindo. Wanawake wa rika la mama hufunga pesa kwenye pindo la khanga, huweka hati chini ya godoro au ndani ya kopo la mchele, na risiti katikati ya msahafu. Mikoba ya zamani ifunueni mpaka kwenye bitana. Mkikuta pete au daftari lenye majina, ulizeni kabla ya kuorodhesha: inaweza kuwa amana ya mtu, au yeye ndiye alikuwa akiweka pesa za upatu. Hivyo si urithi, hurudi kwa wenyewe.

Dhahabu ipimwe kwa gramu mbele ya warithi, iandikwe. Vitu vya nyumbani vyenye thamani vipewe bei ya mtumba ya soko la hapo Tanga, si bei mama alivyovinunulia. Kwa vile vya moyo, ambavyo bei yake haifiki popote lakini ndivyo vinavyowagombanisha ndugu (kinu, mkeka aliousuka, birika la kahawa), vipigeni picha, kila mtu achague kimoja kwa zamu, raundi ya pili ianze na aliyekuwa wa mwisho. Wasioweza kusafiri wachague kwa simu.

Chakula kinachooza na dawa zake haviwezi kusubiri. Vidonge vipelekeni famasi au hospitali mkaulize kama wanapokea. Wasipopokea, vitoeni kwenye pakiti, vichanganyeni na majani ya chai yaliyotumika, fungeni kwenye mfuko, ndipo viende jaani, mtoto au mbuzi asivione kama peremende.

Majirani wajibuni hivi: wakimaliza warithi, mtakumbukwa. Wanaelewa.

*Nina duka dogo. Risiti zimejaa maboksi manne chumbani. Nichome?*
Mfanyabiashara, Arusha

Usichome zote. Kumbukumbu za kodi Tanzania hutakiwa kutunzwa miaka mitano, kwa hiyo panga boksi moja kwa kila mwaka, na miaka mitano ikishatimia tangu mwaka wa boksi uishe, boksi hilo litoke, isipokuwa kama una shauri la kodi ambalo halijaisha. Tatizo lako kubwa ni jingine. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto, si kwa wino, na ndani ya miezi, hasa boksi likikaa chini ya bati, zinarudi kuwa karatasi nyeupe. Huenda nusu ya unachotunza ni karatasi tupu. Za manunuzi makubwa zitoe kopi au zipige picha wiki hiyohiyo, na usizitie kwenye mifuko laini ya plastiki, kwani nayo hufuta maandishi. Vyeti, hati ya kiwanja na mikataba visikae humo. Vina bahasha yake, juu, mbali na maji.

*Ndani ya nyumba nimemaliza, vitu vyote nimehamishia uani: matairi mawili, ndoo zilizopasuka, madumu kama thelathini. Mume wangu anasema vitafaa siku maji yakikatika. Ni sawa?*
Dada wa Temeke

Kuhamisha siyo kupunguza, dada, na ua wako sasa una kazi mbaya zaidi. Mbu wa homa ya dengi, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo, huzaa kwenye maji kidogo yaliyotulia: tairini, kwenye ndoo, hata kwenye kizibo. Katika joto la Dar es Salaam yai linakuwa mbu kwa kama siku 7 hadi 10, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimtoshi. Mlipuko wa 2019 jijini haujasahaulika.

Hoja ya baba isidharauliwe, ila ihesabiwe. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, siku mbili bila maji ni lita 200, yaani madumu kumi. Chagueni kumi yenye vizibo, yajazeni, yawekeni kivulini. Mengine ishirini yauzeni kwa wanunuzi wa plastiki, wanaopita na mizani kila wiki. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba lisitiwe maji ya kunywa wala lisiuzwe kwa mtu atakayeliosha na kulitumia; litobolewe kabla ya kutoka.

Vyombo vya maji visivyo na kifuniko vimwage mara moja kwa wiki na, hili watu hulisahau, visugue kuta zake kwa brashi ngumu. Mayai ya mbu huyu hugandamana juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Kumwaga peke yake hakuyatoi. Matairi ukitaka kuyafanya bustani ya mchicha, toboa kila moja matundu manne ya unene wa kidole upande unaokaa chini, kisha ujaze udongo mpaka ndani ya mikunjo ya pembeni. Ukiiacha ile mikunjo mitupu, maji ya mvua yatajikusanya humohumo.