"Historic" au "historical": lipi liingie kwenye kipeperushi?

SWALI: Assalaamu alaykum Mwalimu. Natembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Katika kipeperushi chetu niliandika "a historical tour of the historical buildings of Stone Town". Mwenzangu amefuta "historical" zote mbili akaweka "historic", akidai kuwa maana ni ile ile. Je, ni sahihi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mwenzako amepatia pamoja na kukosea pamoja. Maneno haya ni ya ukoo mmoja, na hapo zamani Waingereza wenyewe hawakuyapambanua sana, lakini katika uandishi wa leo kila moja limeshika kazi yake. "Historic" hutoa hukumu kwamba kitu, siku au tendo fulani lina uzito katika historia, ilhali "historical" halisifu wala halitukuzi, bali hueleza tu kwamba jambo linahusu wakati uliopita au elimu ya historia.

Kwenye majengo, basi, mwenzako yuko sawa. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ni "a historic building", na imebaki kuwa hivyo hata baada ya sehemu yake kuporomoka Disemba 2020. Kwenye matembezi ndipo alipoteleza, kwa sababu "a historic tour" humfahamisha msomaji makini kwamba matembezi yenyewe ndiyo yaliyoweka historia, na sidhani kama mmefika huko. Mnachouza ni matembezi ya kueleza historia, nayo ni "a historical tour".

Kitu kimoja chaweza kubeba sifa zote mbili. Daftari la forodha la karne ya 19 ni "a historical document" hata kama limejaa hesabu za magunia tu. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 baina ya Zanzibar na Uingereza, uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao, ni "historical" kwa kuwa ni ushahidi wa wakati wake, na ni "historic" kwa yale uliyoyabadilisha. Kwa watu, "a historical figure" ni mtu aliyeishi kweli: Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, ni mmojawapo, na Sindbad wa hadithi siye.

Kosa hili huwa zito zaidi katika biashara. Anayeandika juu ya karafuu za Pemba na kutaja "historical prices" anazungumzia bei za miaka iliyopita, ziwe za juu au za chini. Akiandika "historic prices", mnunuzi wa nje atafahamu kwamba bei imefika pahala isipopata kufika, na huenda akaahirisha kununua kwa sababu ya herufi mbili zilizokosekana.

Kipeperushi chenu kisomeke "a historical tour of the historic buildings of Stone Town". Hiyo "a" ya mwanzo iacheni kama ilivyo; mtu akikutakeni muandike "an", kama baadhi ya Waingereza wanavyopenda, mwambieni kwamba "h" ya neno hili hutamkwa.