Taa ya machungwa kwenye seva ya duka

SWALI: Salamu kwako fundi wetu wa safu. Tuna duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Seva yetu tuliinunua 2014. Ina Windows Server 2012 R2 na diski nne zilizopangwa kwa RAID 5, yaani zinagawana data ili moja ikifa zilizobaki ziendelee, na kaunta tano zinaitegemea kwa stoo, ankara na madeni ya wateja. Tangu Pasaka feni inanguruma, na diski moja imewaka taa ya machungwa. Fundi mmoja anataka tuizime Jumamosi apulize vumbi na kubadilisha diski hiyo. Mwingine anasema tununue mpya. Mume wangu anasema mashine inayofanya kazi haiguswi. Nimsikilize nani?
Mama Duka, Kisumu

JIBU: Mama, usiizime. Jumamosi isikukute umeizima, wala siku nyingine yoyote, mpaka uwe na bakap, yaani nakala ya akiba ya data yako, uliyoijaribu ukaiona kwa macho yako. Diski iliyozunguka zaidi ya miaka kumi inaweza kuzunguka miezi mingine, lakini ikishasimama na kupoa, huenda isiamke tena.

Taa hiyo inakwambia diski moja imekufa au iko njiani kufa. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu. Basi leo duka lako limesimama juu ya zile tatu zilizobaki, za umri uleule, pengine zilizotoka katoni moja. Ukichomeka diski mpya, seva huzisoma hizo tatu mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na ndiyo huimaliza diski iliyokuwa imechoka kimyakimya.

Nilishuhudia hayo Kakamega, kwa muuzaji wa nafaka wa jumla niliyekuwa nikimhudumia. Seva ilikaa nyuma ya magunia, hivyo taa ikawaka miezi mitatu bila mtu kuiona. Nilibadilisha diski jioni. Saa tano usiku, diski ya pili ikafa. Nikamtuliza mwenye duka kwamba bakap ipo. Nilipoifungua ile diski ya nje iliyobeba bakap, majina ya faili yalikuwa yote, na kila faili ilikuwa tupu. Neno la siri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, na tangu siku hiyo bakap ilikuwa ikiandika hewa. Tuliyaandika madeni upya kwa wiki mbili, kutoka vitabu vya risiti na midomo ya wateja wenyewe. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimeifungua bakap ile hata siku moja.

Kwa hiyo mwambie fundi wako airejeshe bakap kwenye kompyuta nyingine kabisa, nawe uketi hapo. Tafuta ankara ya jana. Tafuta deni la mteja unayemjua. Vikionekana, tengeneza nakala ya pili uende nayo nyumbani, kwa sababu moto, mwizi na radi havichagui, na ukanda huu wa ziwa hupigwa radi kuliko sehemu nyingi duniani. Hapo ndipo diski ibadilishwe. Iwe ya aina ileile, ukubwa uleule au zaidi, na fundi aibandike alama kabla ya kuichomoa. Akichomoa nzima badala ya mbovu, data imeondoka.

Mzee wako yuko sahihi kuhusu chuma: mwili wa seva unaweza kuishi bado. Ila Microsoft waliacha kuitolea Windows hiyo marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. Mashine iliyobeba madeni ya watu na imeunganishwa na intaneti haifai kukaa hivyo. Diski mpya ni ya kukuvusha tu, huku ukitafuta pesa ya seva nyingine.

Kwa kaunta tano huhitaji jitu. Diski mbili za SSD (zisizo na sehemu inayozunguka) zinazoakisiana, yaani RAID 1, zinakutosha. Pesa inayobaki nunua UPS nzuri, yaani betri ya kushikilia seva, yenye waya wa kuiambia seva ijizime taratibu stima ikipotea; betri yake ikaguliwe kila mwaka. Na iondoe seva kwenye vumbi la saruji, tafadhali. Kabati lenye hewa kwenye chumba cha ofisi ni bora kuliko chini ya kaunta.

Hamisha data Jumapili baada ya tarehe 20, ritani ya VAT ikiwa imeshaingia. Kuanzia hapo asiandike mtu yeyote kwenye seva ya zamani, lakini iweke mwezi mzima. Rekodi za kodi sheria inataka uzihifadhi miaka mitano, kwa hiyo hakikisha ankara za zamani zimehama pia na zinafunguka.

Siku ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, toa diski zote kwanza. Zina majina, simu na madeni ya wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mlinzi wake. Zitoboe matundu kadhaa kila moja, mpaka upande wa pili. Drili mnazo dukani.