Diski mpya niipanulie RAID ama nibadilishe ile inayoumwa?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Lamu, Langoni, nina studio ya video za harusi. Seva yangu ni Linux, RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya diski 3 za 4TB, imeshajaa. Diski ya nne nimeagiza Mombasa nipate kupanua. Sasa nimepiga smartctl (ya kupima afya ya diski) naona sdb, moja ya hizo diski tatu, ina Current_Pending_Sector 48, zile zingine sifuri. Seva yafanya kazi vizuri tu. Nipanue?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usipanue sahii. Hiyo diski mpya itie mahali pa sdb, nafasi utaitafuta baadaye.

Hizo 48 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. Sasa ukipanua, mdadm (programu ya Linux inayosimamia RAID) inapanga data yote upya, inasoma diski zote mwanzo mpaka mwisho na kuandika tena, kwa 4TB hiyo ni kazi ya siku nzima au hata zaidi, na RAID 5 inavumilia diski moja tu kufa, kwa hivyo sdb ikilala katikati ya hiyo shughuli afu nyingine nayo ikwame mahali, harusi za watu zimekwenda. Ndo maana kabla hujagusa chochote kopi zile video muhimu kwenye diski ya nje. RAID si bakapu, faili ukiifuta imefutika.

Na sdb usiichomoe! Wengi hukimbilia kuichomoa, wakabaki bila kinga yoyote mpaka mpya imalize kujazwa. Chomeka mpya kwenye nafasi ya nne (hapa md0 ni RAID yenyewe, sdd ni hiyo diski mpya), piga mdadm /dev/md0 --add /dev/sdd, halafu mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb --with /dev/sdd (kama umetumia patisheni ni sdb1 na sdd1, angalia herufi vizuri). Hapo inanakili kutoka sdb yenyewe, na pale isiposomeka inachukua kwa wenzake. Maendeleo utayaona kwa cat /proc/mdstat. Stima ikipotea kwa kawaida inaendelea ilipoachia, lakini mimi bila UPS (betri ya kushikilia stima) sianzi.

Ukipata diski nyingine ndo upanue: --add, kisha mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=4, ngoja imalize kabisa, halafu panua mfumo wa faili pia: resize2fs kama ni ext4 au xfs_growfs kama ni XFS. Hii ya mwisho watu huisahau wakalia eti nafasi haijaongezeka. Kutoka 8TB utafika 12TB. Muulize muuzaji kama diski ni SMR (mistari ya data hupandana, kuandika upya ni polepole), akisema ndio muachie, hizo kwenye RAID ni mzigo.

Kuhusu kufuatilia, washa smartd (inachunguza afya ya diski muda wote), namba za kutazama ni 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri, kama hizo 48) na 198 (zisizosomeka). 199 (makosa ya mawasiliano na diski) ikipanda mara nyingi ni kebo, na kwa hewa yetu hii ya chumvi viungio huliwa haraka, badilisha kebo kabla hujanunua diski. Kwenye /etc/mdadm/mdadm.conf andika MAILADDR na imeili yako, halafu jaribu mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Isipofika tazama spam kwanza, kisha hakikisha umeweka postfix au msmtp, manake mdadm haitumi imeili yenyewe, inamkabidhi sendmail, programu ya kutuma barua.